Mawese ya Ujiji na kasi ya pampu

Wiki hii yote nimeganda maabara, na kazi ni moja tu: kutafuta pampu iende kasi gani. Najua mtasema weka mililita 1 kwa dakika kama kila mtu, mambo yaishe. Ngoja niwape sababu.

Projekti yangu ni mawese, yale mekundu tunayopikia dagaa nyumbani Ujiji. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kasheshe ni kwamba zipo mbili kubwa, alfa na beta, zinafanana kama mapacha, na alfa inatoa nusu tu ya vitamini inayotoa beta. Ili nizitenganishe, pampu inasukuma kiyeyushi chenye mawese ndani ya kolamu, yaani bomba la sm 25 lililoshindiliwa unga laini. Kila moja inatoka kwa wakati wake na kuchora kilele chake. Vilele vikipandana nikahesabu yote beta, nitawaambia kina mama wa Ujiji wanawapa watoto vitamini ambayo haipo. Hapo si suala la maksi tena.

Sasa kasi. Chukua kundi la watu wametoka pamoja Mwanga kwenda Ujiji kwa miguu. Wakijivuta sana, wanatawanyika wenyewe. Wakikimbizwa, anayeingia dukani kidogo tu anaachwa mbali. Na mwendo uwe wowote, vichochoro havilingani urefu. Molekuli nazo ndiyo hivyo hivyo. Mwaka 1956 van Deemter na wenzake waliiandika: H = A + B/u + Cu. A ni vichochoro, B ni kutawanyika, C ni kuachwa dukani, u ni kasi. H ikiwa ndogo, vilele vinakuwa vyembamba. Ukichora grafu unapata bonde, na chini kabisa u ni kipeuo cha pili cha B/C.

Basi nikapitisha mchanganyiko uleule kwa kasi tano, kuanzia 0.4 hadi 1.5, kila mara nasubiri presha itulie kwanza, halafu napima upana wa vilele. Bonde langu likaangukia karibu na 0.6. Kwenye 1.5 mapacha wakashikana kabisa.

Lakini sikuchagua 0.6. Beta inayotoka dakika ya 30 kwa kasi ya 1, kwa 0.6 inatoka dakika ya 50. Kiyeyushi kinachotumika ni mililita 30 zilezile, yaani kwenda polepole hakuokoi hata tone! Kinacholiwa ni muda, na mimi nina mizunguko 40 kwenye mashine inayogombewa. Bahati nzuri, upande wa kulia bonde linapanda taratibu, nikaweka 0.8: dakika 37 na nusu, mapacha bado wameachana. Saa 8 na dakika 20 zimeokolewa.

Kwa hiyo wadau, ile 1 ya kila mtu ni pa kuanzia tu. Kolamu yako na sampuli yako ndizo zenye jibu, ziulize. Jumatatu naanza sampuli zenyewe, tuombe tu umeme usikatike!