Maneno Yasiyo na Maana

Maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi niliyoyakusanya kwa wazee wa mtaa wetu nimeyaweka katika SQLite. Hifadhidata hiyo ni faili moja tu ndani ya kompyuta; haidai seva wala intaneti, na kwa umeme wetu huu hiyo ni baraka. Kulifungua faili kwa Haskell, lugha ya programu iliyojengwa juu ya funksheni tangu 1990, ni mstari mmoja. Kazi huanza unapouliza. Haskell hutaka useme kila safu ni ya aina gani: neno ni matini, idadi ni namba. Sisi wa ngeli hatushangai. Kitabu nacho hudai *kimeanguka*, si *ameanguka*.

Lakini maneno tisa hayana maana. Mzee aliyeyajua alifariki kabla sijarudi kwake. Ukiisoma safu tupu kama matini ya kawaida, programu inakataa na kusimama. Inahitajika aina iitwayo *Maybe*, "huenda ipo", nawe useme wazi la kufanya ikikosekana. Mwenzangu alishauri niyafute maneno hayo. Nimekataa. Programu huyachapa pamoja na mengine, na mahali pa maana huacha nafasi ya kutosha kuandika kwa kalamu.