Yavuyavu na Mazuku

Kamusi humweleza yavuyavu kwa maneno machache: mnyama wa baharini, laini, anayewasha. Sisi tuliojifunza Kiswahili kando ya Ziwa Kivu tunalipokea neno hilo kama tunavyopokea jahazi na kusi. Tunalijua kwa ajili ya mtihani.

Mwaka jana yaya wangu, aliyeolewa Dar es Salaam, alinipigia simu. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa ameguswa na kitu akioga baharini. Mkono ulijaa mistari myekundu kama ya fimbo; akatapika, akahema kwa shida.

“Mdogo wangu, wewe unayesoma lugha, hapa wanasema ni konyeza. Ndiyo nini?”

Kumjibu kwamba konyeza ni yavuyavu kusingemsaidia kitu. Mtoto alilazwa usiku mmoja, akapona, nami nikaanza kusoma.

Minyiri ya yavuyavu ina vifuko vidogo mno vya sumu vinavyofyatuka vikigusa ngozi. Vingine hubaki ngozini bila kufyatuka, ndiyo maana kusugua huongeza madhara. Aina nyingi huleta maumivu ya muda tu. Lakini Chironex fleckeri wa Australia anaweza kusimamisha moyo kwa dakika chache. Kwake, siki huzuia vifuko vilivyobaki visifyatuke. Watoto ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa sumu ile ile inaingia katika mwili mdogo.

Hapo mtu wa Goma anaelewa mara moja, maana sisi tuna mazuku: kaboni dayoksaidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, inayojikusanya mabondeni na mashimoni. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita kichwa kikiwa juu yake. Mtoto huzama ndani. Lakini hapa kwetu hakuna mzazi anayelitamka neno mazuku peke yake. Analitamka huku akionyesha shimo: “Usishuke pale.” Onyo ni sehemu ya maana.

Wengi wetu tutakuwa walimu, watafsiri, pengine waandishi wa kamusi. Watoto wa Kivu wanahamia pwani, na wa pwani wanakuja huku. Tukiwapa jina la hatari bila onyo lake, tumewapa nusu ya neno. Yavuyavu: usimguse, hata akiwa amekufa mchangani, akikugusa, toka majini, usisugue, mwite mtu mzima.