Sajini na Karata Zake za Zamani

Sajini mmoja wa jeshi la nchi kavu la Marekani, mwenye makazi katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, alirudi nyumbani mwezi Desemba 2024 baada ya kutumikia mwaka mzima Korea Kusini, ambako alipelekwa bila familia. Kambi yake, Lewis-McChord, i jirani na mji huo. Aliwakuta watoto wamerefuka, gari likilia breki kila linaposimama, na juu ya kabati la jikoni sanduku la viatu liko pale pale alipoliacha. Bibi yake, aliyeiendesha nyumba peke yake kwa muda wote huo, hakumkataza kulishusha. Alimwuliza tu kama vilivyomo bado vina kazi, au viuzwe.

Ndani ya sanduku mlikuwa na karata. Wala si zile zenye mfalme na malkia ambazo askari wa kila nchi huzicheza wakati wa mapumziko. Hizi ni za mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Kimarekani, Richard Garfield, na kuanza kuuzwa mwaka 1993. Kila mchezaji hujitengenezea seti yake mwenyewe isiyopungua karata 60, wala haruhusiwi kuweka zaidi ya nne za jina moja, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Huanza na alama 20 za uhai, na anayemaliza za mwenzake ndiye mshindi. Karata mpya hutolewa kila mwaka, watu huzinunua na kubadilishana, na baadhi yake zina bei ya kumshangaza mtu mwenye mshahara wa kawaida.

Katika daraja nyingine za mchezo huo kalenda ndiyo huamua: karata ikizeeka, haipokelewi tena mashindanoni. Lakini sajini alikuwa akicheza daraja la Modern, lililoanzishwa mwaka 2011, ambalo hupokea karata zilizotolewa tangu mwaka 2003. Humo karata hufa kwa njia mbili tu. Ama hupigwa marufuku, na hilo hutangazwa wazi. Ama hupitwa na wakati, na hilo hakuna amtangaziaye mwenyewe.

Seti yake ilikuwa ya namna inayojulikana kwa jina la Affinity, ambayo nguvu zake ni vyombo vya chuma, vingi na rahisi, vinavyomwagwa mezani kwa haraka kabla adui hajajipanga. Ornithopter, kwa mfano, ni kiumbe kirukacho kisichogharimu chochote na kisicho na nguvu ya kupiga hata moja. Ukikivika Cranial Plating, hupata nguvu moja kwa kila chombo ulicho nacho. Ukiwa na vyombo saba, kile kidude kisicho na maana humpiga mtu alama saba kwa mara moja. Roho ya seti hiyo ilikuwa Mox Opal, karata isiyogharimu kitu ambayo huzalisha nguvu za kuchezea zingine, mradi mchezaji awe na vyombo vitatu mezani. Alikuwa nazo nne kamili. Hata ukiwa nazo nne, uwezekano wa kuipata angalau moja katika karata saba za kwanza ni kama 40 kwa mia, na seti nzima hupangwa kwa kutegemea hesabu hiyo.

Tarehe 13 Januari 2020 Mox Opal ilipigwa marufuku katika daraja la Modern. Sajini aliifunga seti yake kwa mpira na kuipandisha kabatini. Tarehe 16 Desemba 2024, siku chache tu baada ya kurejea kwake, marufuku hiyo iliondolewa. Wenzake kambini walimpongeza kana kwamba amepandishwa cheo, na bei ya Opal ikapanda.

Ijumaa iliyofuata alikwenda dukani wanakokutana wachezaji, akashinda mapambano matatu kati ya manne. Alirudi usiku akiimba. Kwa mtu mwingine jambo lingekuwa limekwisha. Lakini yeye aliwahi kuwa mkufunzi wa shabaha, na hakuwahi kumpa askari alama kwa risasi za jioni moja. Hata mtu aliye sawa kabisa na adui zake, ukimpa michezo kumi, ana nafasi ya kama 17 kwa mia ya kushinda saba au zaidi kwa bahati tu. Basi alichukua daftari, akawa anaandika kila mchezo: amecheza na seti gani, nani alianza, na ameshindwa kwa sababu gani. Siku zisizo za mashindano aliandika majina ya karata za wapinzani kwenye vipande vya karatasi, na binti yake wa miaka kumi na mmoja akawa ndiye adui wa jikoni.

Kufikia mwisho wa Januari daftari lilikuwa na mapambano kumi na mawili. Ameshinda manne, ameshindwa manane. Sajini alikuwa na maelezo kwa kila pigo: hapa karata zilichangwa vibaya, pale alichoka baada ya zamu, kwingine adui alibahatika. Maelezo yote yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana mwenye seti huwa hakimu dhaifu wa seti yake; anakumbuka sana, na anachokikumbuka zaidi ni siku alizotamba.

Bibi yake, ambaye hajui tofauti ya Ornithopter na mwewe, ndiye aliyeona. Alilisoma daftari akingoja maji yachemke, akamwuliza mbona anashinda mwanzo na kushindwa baadaye. Kila pambano huamuliwa kwa michezo miwili katika mitatu, na baada ya mchezo wa kwanza wachezaji huruhusiwa kubadilisha karata kutoka akiba ya karata 15. Walihesabu pamoja. Michezo ya kwanza, ameshinda 9 kati ya 12. Iliyofuata, ameshinda 6 kati ya 21.

Maana yake ilikuwa wazi. Watu walipigwa wakiwa hawajajiandaa, kisha wakatoa akibani dawa ya chuma. Iko karata nyeupe, Stony Silence, ambayo ikikaa mezani huzima Opal, Plating na karibu kila chombo cha maana. Dawa hizo zilikuwapo hata zamani. Lakini sasa wapinzani wengi walikuwa na karata za mwaka 2024, kama Phlage, ambayo ikiingia tu huunguza kiumbe kwa alama tatu na kumwongezea mwenyewe uhai wa tatu. Kasi ya seti ya mwaka 2019 haikutosha tena kuwamaliza kabla dawa haijafika. Tena Opal zilizokuwa zikishinda mashindano makubwa hazikuwa katika seti kama yake. Zilikuwa zimehamia kwa wengine, waliozioanisha na Grinding Station na Underworld Breach. Karata ilikuwa imerudi kazini; seti haikurudi nayo.

Kuijenga upya kungehitaji karata nyingi mpya, na gharama yake ingezidi ile ya breki. Mwezi Februari aliziuza Opal zote nne, bei ikiwa bado juu, maana aliogopa pia kwamba zitapigwa marufuku tena. Gari likatengenezwa. Tarehe 31 Machi 2025 uamuzi mwingine ulitoka: iliyopigwa marufuku ni Underworld Breach, na Opal ikaachwa. Sajini aliisoma habari hiyo akiwa amesimama, akaikunja simu mfukoni, asiseme neno.

Jioni ile binti aliteremsha sanduku mwenyewe. Katika nafasi ya karata nne zilizouzwa, baba yake alikuwa amekata karatasi nne na kuandika juu yake kwa wino wa buluu. Binti aliigeuza moja, akauliza kama na hii inahesabiwa.

"Hapa mezani inahesabiwa," alimjibu, akaanza kuchanga.