Dirisha la Dawa, Bariadi

Nimestaafu ufamasia baada ya kukaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa hapa Bariadi, tangu tukiwa mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Tumbo likivimba upande wa kushoto, jibu tulikuwa nalo kabla ya kipimo: malaria au kichocho. Bandama kubwa kwetu haikuwa habari.

Kisha akaja mkulima mmoja wa pamba ambaye mseto na prazikwanteli havikumfaa kitu. Picha kamili ya damu ilionyesha seli nyeupe zimefurika. Akapewa rufaa hospitali ya Bugando, hatimaye taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akarudi na vidonge vya imatinibu. Ilikuwa saratani ya damu, aina ya CML.

Dawa za saratani nilizozisoma chuoni ziliua kila seli inayogawanyika, nzuri na mbaya. Imatinibu ilinirudisha vitabuni. Katika CML, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, ikazaliwa protini ya BCR-ABL, kimeng'enya kinachoamuru seli zigawanyike mchana na usiku. Amri hiyo huhitaji ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Imatinibu, molekuli ndogo inayopenya hadi ndani ya seli, hukaa mahali pa ATP na amri inakoma. Nicholas Lydon na wenzake waliiunda Basel. Brian Druker wa Oregon aliongoza majaribio kuanzia 1998: kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ya 53 ilirudi sawa. Marekani iliiidhinisha Mei 2001. Kisha kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation wakaanza mpango wa kuitoa bure kwa wasio na uwezo. Kwa bei ya pamba, mzee yule asingeigusa.

Wanakemia walikwishamaliza kazi yao. Yangu ndiyo kwanza ilianza. Bandama iliponywea na nguvu za palizi zikarudi, mzee akaanza kuruka siku.

"Daktari," aliniambia (kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari), "mtu haumwi, anameza dawa ya nini?"

"Baba, ugonjwa haujaondoka. Umezibwa mdomo tu. Ukiacha dawa, utasema tena."

Alicheka, lakini akarudi kumeza kila siku, baada ya chakula, kwa glasi kubwa ya maji. Kope zikivimba, mkewe alidhani ni figo. Nikamweleza kuwa dawa hiyo huleta uvimbe huo.

Wenzangu wa zahanati za Simiyu, bandama ikikataa dawa za malaria na kichocho, msiongeze dozi. Mpelekeni mgonjwa akapimwe picha kamili ya damu.