Ukimya Ndani ya Picha za Kutisha

Picha ya kutisha ya kwanza niliyoitazama bila mtu wa kunisimulia ilikuwa Halloween ya John Carpenter. Ilinitisha kuliko zote nilizoziona kabla yake, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa akizungumza.

Kabla ya hapo, mtaani kwetu Temeke, picha na msimulizi vilikuwa kitu kimoja. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo deki na mkanda ndivyo vilivyotuletea sinema, na hata luninga zilipoanza kuingia majumbani banda la video halikufa. Mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, kiingilio mlangoni. Pembeni aliketi DJ na maikrofoni yake, akapunguza sauti ya picha na kutuambia stelingi anasema nini, anawaza nini, na adui kajificha wapi. Waliobobea kazi hiyo walikuwa wasanii kamili. Lufufu alijulikana kwa sauti tu, na mikanda aliyoitafsiri ilisafiri mbali na Dar es Salaam. Picha ya mapigano iliyopita mdomoni mwa mtu kama huyo iliongezeka utamu.

Picha ya kutisha ilikuwa na shida yake. Dada anapanda ngazi gizani, hasemi kitu, anafika mlangoni, anasita. Watu wamelipa kiingilio. Msimulizi gani angethubutu kunyamaza muda wote huo? Wetu alimwonya yule dada asifungue, akamwita kwa jina la Kiswahili alilompa mwenyewe, akahesabu hatua zake, na banda zima likamsaidia kupiga kelele. Tuliogopa kweli, lakini tuliogopa kwa pamoja na kwa sauti kubwa, na hofu iliyogawanywa kwa watu wengi namna ile haikumfuata mtu hadi nyumbani.

Iliyotufuata nyumbani ni ile ya kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, na hizo hazikuhitaji mkalimani. Zilichezwa kwa Kiswahili, tena ndani ya nyumba zenye makochi yenye vitambaa, pazia la mlangoni na geti la chuma, nyumba ambazo tungeweza kutumwa kupeleka salamu. Rangi ya damu haikudanganya mtu, na meno ya mzimu yalionekana wazi kuwa ya bandia. Wapo waliozidharau kwa sababu hiyo, nami sikubaliani nao hata leo. Jini tulikuwa tumeshasimuliwa na bibi zetu; kilichobaki kwa mtengeneza picha ni kumweka kwenye korido inayofanana na yetu, na hilo halikuhitaji fedha nyingi.

Banda letu lilifungwa zilipoenea DVD za bei nafuu, zile za picha chungu nzima katika sahani moja, na baadaye kompyuta ndogo na spika za masikioni. Halloween ilinifikia kwa njia hiyo. Ilitengenezwa mwaka 1978 kwa takriban dola 300,000. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, kikiwa na sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe. Lakini kilichonishika ni sauti. Carpenter ameeleza kwamba alimwonyesha picha hiyo ofisa mmoja wa kampuni ya sinema kabla ya kuwekwa muziki wala vishindo, na yule mama hakutishika hata kidogo. Ndipo akautunga muziki mwenyewe, kinanda kinachorudiarudia noti chache bila kutulia. Muziki ule unafanya kazi kwa sababu kabla yake kuna nafasi tupu. Bandani nafasi hiyo ilikuwa imejazwa na maneno.

Tangu hapo nikawa natafuta picha za namna hiyo, na nikazidi kuona kuwa uhaba wa fedha ndio ulioziongoza kwenye jambo sahihi. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilirekodiwa kwenye msitu wa Maryland, waigizaji watatu wakishika kamera wenyewe. Usiku waongozaji walizunguka hema, wakavunja vijiti, wakalitikisa. Mchawi haonekani hata mara moja, na picha ikaingiza karibu dola milioni 250. Oren Peli alitengeneza Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe mjini San Diego kwa takriban dola 15,000: kamera imesimama chumbani, watu wamelala, nawe unaukagua mlango uliokaa wazi mpaka macho yanauma. Mwenye fedha nyingi angetuonyesha pepo, tukamzoea ndani ya dakika mbili.

Bado nadhani banda lilikuwa na kitu ambacho spika za masikioni haziwezi kukirudisha. Hata hivyo, kama ningepewa kuchagua, hofu ningeichagua hii ya sasa. Inaniomba nisikilize kwa makini, na usikivu huo natoka nao.

Mpwa wangu, ambaye amekulia kwenye simu na hajui banda ni nini, anapenda picha hizi kuliko mimi. Juzi nilimwekea Cat People, ya mwaka 1942. Val Lewton alipewa jina la picha na kampuni ya RKO, pamoja na bajeti isiyozidi dola 150,000. Hakutaka mtu avalishwe ngozi ya chui, akamwachia mwongozaji Jacques Tourneur vivuli na nyayo. Mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya ukuta wa bustani, viatu vya mwingine vinagonga nyuma yake, kisha havisikiki tena. Anaongeza mwendo. Ghafla mkoromo mkali, na mpwa wangu akaruka kitini: ni basi limefunga breki.

“Mjomba, chui yuko wapi?” akauliza.

Nikamwambia aangalie mwenyewe. Akairudisha nyuma, akaitazama tena, akaisimamisha kila penye giza na kusogeza uso kwenye kioo.

“Hayupo,” akasema, na akairudisha nyuma tena.