Gobori la Kaloleni

Mwaka 1968 karani mmoja, mkaaji wa Kaloleni katika Nairobi, alirithi kwa marehemu baba yake bunduki ya kale iliyofungwa katika ngozi ya mbuzi. Lilikuwa gobori la kushindiliwa mdomoni, tena la fataki. Ukoo wote, kwao Kitui, ulisadiki kuwa babu ndiye aliyemnyang'anya Mjerumani mwaka 1916, alipokwenda vitani pamoja na wapagazi wale wanaokumbukwa hata leo kwa jina la mtaa wa Kariokor.

Jirani yake, fundi wa bati, alishauri lipigwe msasa mpaka ling'ae. Karani alikataa. Alilipeleka kwanza kituo cha polisi, kwa kuwa hakusahau jinsi mtu aliyepatikana na bunduki katika siku za Hali ya Hatari alivyoweza kunyongwa. Huko fundi wa silaha alitia mdeki ndani ya kasiba, akautia alama penye mdomo, kisha akaulaza kwa nje. Ulipungua vidole vinne kufika mwisho. Kumbe gobori lilikuwa bado limeshindiliwa, na watoto wa karani walikuwa wamelichezea mwezi mzima! Fundi alimimina maji, akangoja baruti ilowe, ndipo akaichomoa risasi kwa skurubu.

Kusafisha kulichukua Jumamosi tatu, mbele ya macho ya fundi yule: mafuta, kitambaa na kijiti tu, maana msasa hula maandishi pamoja na kutu. Jumamosi ya tatu, juu ya bamba la mtambo, ilitokea taji, halafu neno TOWER na mwaka 1861. Na ndani ya kasiba, mifereji mitatu iliyojipinda. Ilikuwa Enfield ya namna ya mwaka 1853, silaha ya askari wa Uingereza hadi walipoanza kupewa Snider mwaka 1866. Mjerumani wa mwaka 1916 angeibebea nini, naye ana bunduki ya kutiwa risasi kwa nyuma? Tena Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za mifereji zisiletwe pande hizi. Yaelekea iliingia kabla ya hapo, labda kwa njia ya Unguja, zilikopitia silaha nyingi kuukuu za Ulaya.

Karani aliogopa kumweleza shangazi yake. Bibi yule alisikiliza, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu, basi hiyo si ya baba yangu. Ni ya babu yangu, aliyekuwa akiwauzia Waswahili pembe za ndovu. Baba alitukataza tusiyataje mambo hayo."

Kisha akaomba apelekwe kituoni, akaishike.