Uso wa Mini

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, mimi na mjomba wangu tulikuwa na ugomvi mmoja tu: tuukate uso wa gari au tuuache.

Gari lenyewe ni Mini 1000 ya mwaka 1978, rangi ya kijani, aliyoinunua mkono wa pili kabla sijazaliwa. Wanachama ambao hawajawahi kuiona Mini ya zamani wajue kwamba urefu wake ni mita tatu hivi. Mbunifu wake, Alec Issigonis, aliilaza injini kimkingamo na kuiweka gia chini yake, ndani ya oili ileile, ili watu wanne wapate pa kukaa. Gari likatoka mwaka 1959. Abiria walipata nafasi, fundi akanyimwa. Ukifungua boneti, vitu vimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Distribyuta iko mbele kabisa, nyuma ya grili, na mvua ikipiga sana huingia maji, gari likazimika njiani. Kuifikia lazima uiname, upinde mkono na uchubuke vidole.

Mjomba ana miaka 71 na mgongo haumruhusu tena. Kwenye maonyesho ya magari ya zamani aliona Mini iliyoondolewa boneti, madigadi zote mbili na paneli ya mbele, ikawekwa kipande kimoja cha faiba chenye bawaba chini. Unachomoa pini mbili, uso mzima unalala mbele. Alirudi anang'aa.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "mimi navuta kigoda changu, nakaa. Injini yote iko mbele yangu, sihitaji kumsumbua mtu."

Nilikataa, na hoja nilikuwa nazo. Mini haina chasisi. Bodi ndiyo mifupa yake. Fremu ndogo inayobeba injini na magurudumu ya mbele imefungwa kwa bolti hadi kwenye ile paneli. Ukiikata, lazima uchomelee vyuma vingine vya kuishika. Tena bima lazima waambiwe. Na hapa Uingereza gari lililopita miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa. Ukishashika grenda unajitafutia maswali.

Naye hoja alikuwa nazo. Paneli ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo kukatwa itakatwa tu. Faiba haishiki kutu na ni nyepesi. "Wewe unataka gari la kupiga picha," akasema. "Mimi nataka gari la kuendesha."

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli. Lakini usiku ule nilipolifikiria vizuri, niligundua kwamba picha hazikuwa sababu yangu, wala bima. Sababu ilikuwa lile neno lake, "sihitaji kumsumbua mtu."

Mimi nimezaliwa hapa. Nyumbani nilijifunza Kiswahili cha kusalimia, kula na kukaripiwa. Kiswahili cha kazi nimekipata chini ya boneti ile, nikimshikia tochi mjomba. Bawaba, kuchomelea, kulegeza, kukaza, kuchuja: hakuna hata moja nililolitoa darasani, na walimu wetu wanisamehe. Hata habari za ujana wake Ng'ambo, Unguja, huwa hazitoki sebuleni. Hutoka mkono ukiwa umekwama na nati imegoma. Uso ukifunuka, hatanihitaji.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia hivyo, bila kuzunguka. Akanyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Nami nilidhani unakuja kwa kunionea huruma. Ndiyo maana nilitaka nijitegemee."

Basi tukaamua. Tulinunua paneli mpya ya chuma, fundi akaichomelea pale ilipokuwa ya zamani. Hoja iliyomaliza ubishi ilikuwa yake mwenyewe: faiba tunaweza kuiweka mwaka wowote, lakini tukishakata, kurudi nyuma ni kazi kubwa na gharama. Siku mgongo wangu nami utakapokataa, nitalifikiria upya.

Kigoda tumekinunua vilevile. Mjomba hukaa ubavuni mwa gari, miwani puani, mimi nimeinama. Juzi tulikuwa tunabadilisha plagi.

"Legeza hiyo nati," akasema.

Nikalegeza.

"Siyo hiyo. Hiyo ni bolti. Chuo kikuu wanakufundisha nini?"